Vifaa vya Afya vya Kuvaa na Mtandao wa Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa familia zenye mzee au mgonjwa nyumbani huku wengine wako kazini Posta, chuoni Dodoma au ughaibuni, na kati yao ipo saa, kibandiko au kitufe kinachotakiwa kusema kukitokea jambo. Maswali mengi tunayoletewa huanza na afya na kuishia kwenye mtandao. Tumeyapanga kuanzia mepesi. Ukiona jibu linakupeleka kwenye swali jingine, ni kwa sababu maelezo kamili yako huko.

## Kwa kuanzia

Kifaa cha kuvaa kinafikishaje taarifa kwenye simu yangu?

Kwa kawaida taarifa hupita vituo vitatu. Kihisi kilicho mwilini hupima mapigo ya moyo, mwendo, oksijeni au sukari, kisha hurusha kwa Bluetooth hadi kwenye simu au kisanduku kilichomo ndani ya nyumba. Hicho tutakiita kipokezi. Kipokezi hutuma kwa Wi-Fi au kwa laini ya simu mpaka kwenye seva, na seva ndiyo inayokuletea wewe arifa, uwe Ubungo au Uingereza.

Kila kituo kina namna yake ya kukwama. Mtu akisema tu "mtandao unasumbua" bado hajasema kitu. Saa inaweza kuwa na chaji na simu ya nyumbani ikawa na bando, lakini mzee yuko chumba ambacho mawimbi hayafiki. Au nyumbani kila kitu kiko sawa, ila seva iko nchi nyingine na njia ya kwenda huko imekatika. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta taarifa ya mwisho ilifika kituo gani.

Bila intaneti, saa inafanya kazi?

Kupima inapima. Swali la maana ni inatunza vipimo kwa muda gani kabla ya kuanza kuvifuta. Kihisi cha sukari cha FreeStyle Libre, kile kinachobandikwa nyuma ya mkono, hutunza vipimo vya saa 8. Ukikisoma kwa simu ndani ya muda huo hupotezi kitu. Ukichelewa zaidi, pengo linabaki kwenye grafu na daktari ataliona kliniki. Muulize muuzaji swali hili hili kuhusu kifaa chochote, na asipokuwa na jibu litafute kwenye kitabu cha maelekezo kabla hujalipa.

Kutunza na kutuma baadaye kunafaa kwa vipimo vya kufuatilia mwenendo. Kwa mtu aliyeanguka, taarifa iliyotunzwa hadi kesho haina kazi. Hapo soma "SMS au intaneti".

Bando litaisha haraka?

Inategemea kinachotumwa. Mapigo ya moyo yakitumwa mara moja kila dakika ni vipimo 1,440 kwa siku. Hata kila kipimo kikichukua baiti 50, siku nzima haifiki KB 100. Ujumbe wa kuanguka ni baiti chache tu. Kinachokula bando ni umeme wa moyo unaorekodiwa mfululizo: sampuli 250 kwa sekunde, baiti 2 kila moja, ni karibu MB 43 kwa siku kwa mstari mmoja tu, yaani takribani GB 1.3 kwa mwezi.

Kwa hiyo familia nyingi haziishiwi bando kwa sababu ya kifaa. Zinaishiwa kwa sababu kifaa kinachangia laini na simu ya mjukuu anayeangalia video. Kipe kipokezi laini yake, na isiwe na kazi nyingine.

Saa ya bei nafuu ya Kariakoo inatosha?

Kwa kuhesabu hatua na kumhimiza mtu atembee, inatosha. Kwa kuamua kumpeleka mtu hospitali au kutompeleka, haitoshi. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kifaa kilichosajiliwa kama kifaa tiba kimetakiwa kuthibitisha kwamba namba zake zina maana. Saa ya kawaida haikuahidi hivyo, hata kama skrini yake inaonyesha presha kwa tarakimu nzuri.

Tunakazia hasa kwenye sukari. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kupenya ngozi, na ikasema haijaidhinisha hata moja. Mtu anayejidunga insulini akiifuata namba ya saa ya namna hiyo anaweza kushusha sukari mpaka azimie. Tafadhali, kwa hili usijaribu bahati.

## Ndani ya nyumba

Kwa nini inakatika mzee akienda chooni au akilala?

Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, hunyonya mawimbi hayo. Mzee akilalia mkono wenye saa na kipokezi kikawa upande wa pili wa kitanda, yeye mwenyewe ndiye ukuta. Kiti chenye simu kikihamishiwa upande mwingine, mara nyingi tatizo linaisha palepale.

Choo ni habari nyingine, na ndiko watu wanakoanguka. Nyumba nyingi za Dar zina ukuta wa tofali za saruji, mlango wa chuma, grili madirishani na mabati juu. Chuma hurudisha mawimbi, saruji inayapunguza. Choo kikiwa uani, na simtanki iliyojaa imesimama kati yake na sebule, hapo usitegemee Bluetooth hata kama karatasi ya kifaa imeandika mita nyingi. Zile mita hupimwa mahali pa wazi.

Pima mwenyewe. Fungua programu kwenye ukurasa unaoonyesha muunganiko, mpe mtu avae saa, atembee njia anayopita mzee usiku: kitandani, koridoni, mlango wa uani, bafuni. Bafuni afunge mlango, achuchumae, akae hivyo dakika mbili. Wengi hupima wakiwa wamesimama mlangoni na mkono umenyooshwa juu, na mtu aliyeanguka hayuko hivyo: yuko sakafuni, mkono umebanwa na kiwiliwili. Ikikatika, sogeza kipokezi karibu na choo kuliko na sebule, au weka cha pili. Sebuleni daima kuna mtu wa kumuona.

Wi-Fi ya nyumbani inaingiliana na Bluetooth?

Huweza kuingiliana, maana Wi-Fi nyingi za bei nafuu nazo ziko 2.4 GHz. Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme ina chaneli 40 na hurukaruka kati yake kukwepa msongamano, kwa hiyo kwenye nyumba iliyojitenga hutaona shida. Kwenye ghorofa za Kariakoo au Upanga, ambako simu yako inaorodhesha Wi-Fi za majirani ukurasa mzima, utaiona. Kama ruta yako ina 5 GHz, hamishia huko televisheni na simu, uache 2.4 GHz ipumue. Tanuri la maikrowevu nalo liko masafa hayohayo. Usiweke kipokezi juu yake.

Saa inaungana na simu ya dada wa kazi. Akienda sokoni je?

Kipokezi kimeenda sokoni. Hili tunalikuta mara nyingi kuliko hitilafu yoyote ya kiufundi. Kipokezi kiwe kitu kisichotoka nyumbani: simu ya zamani yenye betri nzima iliyochomekwa muda wote, au kisanduku kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kiandikwe kwa rangi au karatasi ya gundi kwamba hakichomolewi, kwa sababu soketi ikiwa moja, mtu atakichomoa apige pasi.

Programu inalala yenyewe, arifa zinakuja zote kwa pamoja asubuhi. Tatizo ni nini?

Ni simu inaokoa chaji. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaji, iliyotulia mezani skrini ikiwa imezimwa, huingia usingizini na kuzinyima programu mtandao, ikizipa nafasi fupi fupi tu. Watengenezaji wengine wameongeza ukali wao juu ya huo. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itafute programu ya kifaa, iondolee vizuizi vyote. Zima pia ile huduma ya "kusafisha" simu inayofunga programu zote kwa kubofya mara moja.

Angalia na ruhusa. Kwenye Android 6 hadi 11, programu inayotafuta kifaa cha Bluetooth huhitaji ruhusa ya mahali, na huduma ya mahali iwe imewashwa. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vya karibu. Mtu akizima "location" ili kutunza chaji, saa inaweza kupotea bila kelele yoyote.

## Laini, umeme na njia ya kwenda nje

Laini gani ni nzuri kwa kipokezi?

Ile inayoshika vizuri chumba ambamo kipokezi kitakaa, si ile yenye matangazo mazuri. Mbezi na Goba kwenye mabonde na vilima, nyumba mbili za jirani zinaweza kutofautiana kabisa. Azima laini za mitandao tofauti, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, weka moja moja kwenye simu ndani ya chumba hicho na mlango umefungwa, mchana na tena saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi majumbani. Usipime uani.

Masafa ya chini, kama 900 MHz, hupenya kuta vizuri kuliko ya juu. Ndiyo maana ndani kabisa ya nyumba 2G inaweza kubaki na mistari huku 4G imeondoka. Kwa ujumbe mfupi wa dharura, 2G inayoshika ni bora kuliko 4G inayokuja na kupotea.

Kipokezi cha laini mbili kinafaa sana, ila ziwe za kampuni mbili tofauti. Mnara ukilala, laini mbili za kampuni moja zinalala nao.

Laini ya kifaa isajiliwe kwa jina la nani?

Kwa mtu wa familia atakayekuwepo na mwenye kitambulisho cha NIDA, maana usajili ni wa alama za vidole. Fundi asiisajili kwa jina lake, hata akijitolea: siku akihama au mkikosana, laini ni yake. Piga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Na kumbuka laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Kitufe cha dharura ambacho hakijawahi kubonyezwa kinaweza kuwa na laini iliyokwisha kufa. Kwa hilo angalia "Nitajuaje kifaa kiko hai".

Umeme ukikatika?

Saa ina betri yake. Ruta haina. LUKU ikiisha saa nane usiku, Wi-Fi inazimika sekunde hiyohiyo, na saa inaendelea kuwaka kijani mkononi kana kwamba hakuna kilichotokea. Weka betri ndogo ya kuhifadhi umeme kwa ajili ya ruta; ruta nyingi hutumia volti 12 na wati chache, kwa hiyo hata betri ya wastani huibeba kwa saa kadhaa. Simu ya zamani kama kipokezi inashinda hapa, maana betri na laini vimo ndani yake tayari.

Kukatika kwa muda mrefu ni jambo jingine. Minara nayo hutegemea betri na jenereta, na vikiisha mtandao wa eneo zima hudhoofika. Wakati huo hakuna kifaa kitakachokusaidia. Lazima awepo mtu. Soma "Nani apigiwe kwanza".

Mei 2024 intaneti ilipokatika, arifa hazikuja kabisa ingawa simu zilipigika. Kwa nini?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Simu za kawaida na SMS za ndani ya nchi hazipiti kwenye nyaya hizo. Lakini kama seva ya kifaa chako iko Ulaya au Marekani, taarifa ya mama aliye Temeke kwenda kwa mwanawe aliye Tabata ilikuwa inavuka bahari na kurudi.

Muulize mwenye huduma: seva iko wapi, na njia ya nje ikikatika, kipokezi kinaweza kutuma SMS au kupiga simu chenyewe bila kuisubiri seva? Kwa watu wanaokaa mji mmoja, dharura haina haja ya kupita nje ya nchi. Tunaona hili ni la msingi na linapuuzwa.

SMS au intaneti: ipi itumike kwa dharura?

Zote, na simu ya sauti juu yake. Intaneti huleta maelezo mengi na uthibitisho kwamba ujumbe umefika. SMS hupenya pale intaneti inaposhindwa, ila haina ahadi ya muda: hutunzwa na kusukumwa mbele, na simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa itasubiri. Isitoshe, SMS moja haimwamshi mtu. Simu inayoita mfululizo humwamsha.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: kitufe kikibonyezwa, kipokezi kinatuma kwa intaneti na SMS kwa wakati mmoja, kinasubiri mtu athibitishe kwa kujibu, na asipopatikana ndani ya dakika moja kinaanza kupiga simu kwa zamu mpaka mmoja apokee. Salio la kupigia liwepo siku zote, tofauti na bando la intaneti.

## Ukimya, king'ora na watu

Nitajuaje kifaa kiko hai wakati hakuna tatizo?

Hili ndilo swali ambalo tungetamani kila mmoja aanze nalo. Mifumo mingi huongea pale tu inapoona hatari. Kwa hiyo siku nzima bila ujumbe inaweza kumaanisha mama yuko salama, au saa imeisha chaji, au bando limekata tangu juzi. Kwenye simu yako hali hizo tatu zinafanana kabisa, na wewe utachagua kuamini ile unayoitaka.

Dawa yake ni ujumbe wa hodi. Kifaa kibishe hodi kwenye seva kila baada ya muda uliopangwa, tuseme dakika 15, hata kama hakuna habari: niko hapa, chaji asilimia 60, nimevaliwa. Seva ikikosa hodi mbili mfululizo, yenyewe ndiyo ikupigie wewe. Yaani kazi ya kugundua ukimya ifanywe na upande ambao haujaharibika. Kifaa kilichokufa hakiwezi kukutangazia kifo chake.

Hodi iseme pia kama kifaa kimevaliwa. Saa iliyoachwa juu ya kabati ina mtandao mzuri kuliko wote. Vihisi vingi vya mapigo hutambua ngozi, kwa hiyo taarifa hiyo ipo. Uliza tu kama inatumwa.

Muda wa hodi ni suala la kupima. Ukiweka dakika moja, betri itaisha haraka na kila mtikisiko wa mtandao utakuamsha usiku, na baada ya wiki utakuwa umezima sauti. Ukiweka saa sita, mtu anaweza kukaa sakafuni tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kwa mzee anayeishi peke yake, dakika 15 hadi 30 mchana ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama huduma uliyonunua haina kitu cha namna hii, basi panga hodi ya kibinadamu: simu ya asubuhi na ya jioni, kwa saa maalumu, kila siku.

Saa inatambuaje kwamba mtu ameanguka?

Kihisi cha mwendo hutafuta mambo matatu yakifuatana: mwili kushuka ghafla, kishindo, kisha utulivu. Apple Watch, ambayo ilianza kuwa na kazi hii mwaka 2018, husubiri kama dakika moja ya kutosogea kabla ya kupiga simu yenyewe.

Kutokana na namna inavyofanya kazi, utaona itakapokosea. Bibi anayetwanga kwenye kinu anatoa vishindo vikali mkononi. Mtu anayekaa kwenye mkeka kwa kujiachia, au anayesujudu na kutulia, anaweza kuonekana ameanguka. Upande wa pili, mzee anayeteleza polepole kutoka kitandani akiwa ameshika shuka hatoi kishindo chochote, na saa itanyamaza. Ndiyo maana kitufe cha kubonyeza hakiwezi kuachwa, hata kama saa ina akili kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliozidi miaka 60 ndio wengi zaidi. Si jambo la kuachia kihisi kimoja.

King'ora cha uongo kimezidi. Nizime?

Usizime, punguza. Angalia wiki nzima kimelia saa ngapi na mzee alikuwa anafanya nini. Mara nyingi ni shughuli moja inayojirudia: kufua, kutwanga, kukuna nazi. Hamishia saa kwenye mkono usiotumika sana, shusha ukali wa kihisi ngazi moja, na mfundishe kufuta king'ora ndani ya ule muda wa kusubiri.

Nani apigiwe kwanza?

Anayeweza kufika kwa miguu. Watu wengi huweka mtoto wa kwanza, ambaye yuko Mwenge kwenye foleni au ng'ambo ya bahari. Wa kwanza awe jirani, mwenye duka la mbele au mpangaji wa chumba cha nje, mtu mwenye ufunguo au anayejua ulipo. Wa pili awe ndugu mwenye usafiri au mwenye namba ya dereva wa bajaji anayeitika usiku. Wa tatu ndiye mwanafamilia anayeamua na kulipia.

Mkalishe huyo jirani chini mzungumze, usimpe tu taarifa. Mwambie: "Jirani, simu hii ikilia kwa mlio huu, naomba uingie ndani umwangalie mama, usisubiri kunipigia." Mwonyeshe mlango. Mwambie mama anatumia dawa gani na kadi yake ya kliniki iko droo ipi, na mkubaliane hospitali mnayokwenda, iwe Amana, Mwananyamala au Temeke. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziwepo kwenye simu, lakini zisiwe ndiyo mpango wote.

Saa inachajiwa lini?

Isiwe wakati wa kuoga. Wengi huchagua muda huo kwa sababu saa imevuliwa tayari, kumbe bafuni ndimo mnamoteleza. Chagua muda ambao kuna mtu amekaa naye, kama wakati wa chakula cha jioni. Kifaa chenye alama ya IP67 kimejaribiwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, kwa hiyo ndoo na kopo hazikidhuru.

## Namba, siri na sheria

Namba ya oksijeni kwenye saa niiamini?

Kwa tahadhari, na sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada. Vipimo hivi hupitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi huathiri usomaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba, pale kipimo cha hospitali kiliposema asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 kwenye damu ya ateri, dhidi ya asilimia 3.6 ya weupe. Hicho ni kipimo cha hospitali cha kidoleni, sembuse saa.

Tumia mwenendo. Mtu ambaye kila siku husoma 97 na leo anasoma 92 akiwa ametulia, ana jambo. Na akihema kwa shida huku saa inasema 96, mwamini yeye.

Taarifa za mama yangu anaziona nani?

Anaziona mwenye seva, na kila aliyepewa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inataka idhini ya maandishi ya mhusika. Mhusika ni mama, siyo wewe unayelipa bando. Mweleze nani ataona nini, na kama hataki shemeji aone mahali alipo kila dakika, ana haki hiyo. Kundi la WhatsApp la ukoo siyo mahali pa kurusha grafu ya moyo wa mtu.

Daktari anaona "20:00" na mama anasema alimeza saa mbili. Nani sahihi?

Wote. Ila kifaa kilichowekewa saa za nchi nyingine kitasema kitu cha tatu. Hakikisha kipokezi kiko kwenye saa za Afrika Mashariki, UTC+3, na kinajirekebisha chenyewe kutoka mtandaoni. Kengele za dawa zipangwe mkiwa pamoja, maana 08:00 na saa nane ni mambo mawili na kosa lake ni la dozi nzima.

## Hali za pekee

Baba ana betri ya moyo. Avae saa?

Amuulize kwanza daktari wake wa moyo, kwa mfano pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sumaku za simu na saa zinaweza kukibadilisha kifaa hicho kikaingia hali nyingine ya kufanya kazi. FDA inashauri simu na saa hizo zikae angalau sentimita 15 mbali nacho. Simu isiwekwe mfuko wa kifuani.

Natengeneza mfumo wangu mwenyewe. Nianzie wapi?

MQTT, itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe kati ya vifaa na seva, inafaa kwa laini dhaifu. Kwa dharura tumia QoS 1, kiwango chake cha utumaji kinachodai uthibitisho, ili ujumbe urudiwe mpaka uthibitishwe, na upe kila ujumbe namba yake ili ukifika mara mbili usihesabiwe mara mbili. Weka ujumbe wa wosia, ule ambao seva huutangaza muunganiko ukivunjika bila kuaga. Mitandao ya simu hukata miunganiko iliyokaa kimya, kwa hiyo jaribu muda wa kushtua muunganiko kwenye laini halisi, siyo kwenye Wi-Fi ya ofisi. Andika muda wa kipimo kwenye kihisi chenyewe, usitegemee muda wa kufika. Na foleni ya kutunza taarifa iwe na vipaumbele: mtandao ukirudi baada ya saa tano, king'ora kitoke kabla ya hatua 3,000 za jana.

Mzee hataki kuvaa.

Msikilize ni nini hasa. Kama ni joto na jasho chini ya mkanda, badilisha mkanda wa mpira uwe wa kitambaa. Kama ni kuona anachungwa, zima mahali alipo, bakiza kitufe. Kikishindikana kabisa, kihisi cha mwendo ukutani na kingine kwenye mlango wa choo huonyesha kama ameamka na kama ametoka chooni, na havai kitu chochote.

Mtandao umekatika, na kipimo cha mwisho kilikuwa kibaya. Nifanye nini?

Chukulia kipimo hicho ni kweli mpaka mtu amwone. Mpigie jirani kwa simu ya kawaida. Asipopokea, mpigie wa pili. Mtu akifika, aangalie mambo haya kabla ya kugusa kifaa: anajibu akiitwa, anahema vipi, uso umepinda upande mmoja, anaweza kuinua mikono yote miwili. Moja likiwa si sawa, waondoke kwenda hospitali mliyokubaliana, na saa iende ikiwa mkononi. Ikipata mtandao njiani itashusha vipimo vyote ilivyotunza, na daktari atavihitaji.